Nani Alimpiga Nani? Sarufi ya Mtendaji katika Taarifa za Polisi na Magereza

Ikisiri

Mjadala kuhusu uandishi wa taarifa za askari polisi na askari magereza huelekea kujikita katika tahajia, ufupi na ujazaji sahihi wa fomu. Makala haya yanahakiki mtazamo huo kwa kuchambua Kiswahili cha taarifa kinachotumika Tanzania. Hoja yake ni kwamba udhaifu mkubwa wa taarifa hizo hautokani na kuvunjwa kwa kanuni za sarufi. Taarifa inaweza kuwa fasaha, fupi na yenye tahajia safi, na bado isieleze nani alitenda, nani alitendewa, lini, na mwandishi wake alijuaje. Makala yanaonesha jinsi minyambuliko ya kitenzi, viambishi vya nafsi, kiambishi -ka- na misemo ganda vinavyochangia ukungu huo. Kisha yanapendekeza mafunzo yaanzie katika sarufi ya Kiswahili chenyewe badala ya miongozo iliyotafsiriwa.

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili cha Tanzania, mtu aliyetoka kituo cha polisi baada ya kueleza alichokiona husema kwamba ameandika maelezo. Mwingine husema ameandikisha maelezo, na mwingine ameandikwa maelezo. Tendo ni lile lile, na kwa kawaida kalamu ilikuwa mkononi mwa askari. Hata hivyo, kitenzi cha kwanza kinamfanya shahidi kuwa mwandishi, cha pili kinamfanya kuwa msababishi wa uandishi, na cha tatu kinamfanya kuwa mtu aliyeandikwa. Kabla neno moja la tukio lenyewe halijasomwa, lugha imekwisha kuyumba kuhusu swali la msingi: maneno haya ni ya nani?

Swali hilo halipewi uzito unaostahili pale ubora wa taarifa unapojadiliwa. Askari anayesemwa kuwa hajui kuandika taarifa hulaumiwa kwa kuchanganya r na l, kwa kuandika sentensi ndefu, au kwa kusahau tarehe. Makosa hayo yapo na yanastahili kusahihishwa. Lakini hakimu anaposoma lumande badala ya rumande, maana haimpotei. Kinachompotea ni kile ambacho sentensi safi imekificha. Ushauri wa kawaida wa miongozo ya Kiingereza, yaani tumia kauli ya kutenda, andika kwa ufupi, fuata mpangilio wa wakati, hautoshi kwa mwandishi wa Kiswahili. Sentensi ya Kiswahili inaweza kutimiza masharti yote matatu na bado ikawa na maana nne zinazopingana, kama itakavyooneshwa katika sehemu ya 3.2.

Mifano yote iliyomo katika makala haya imetungwa kwa ajili ya uchambuzi, kwa kufuata mtindo unaofahamika wa taarifa. Haikutolewa katika jalada la shauri lolote.

2.0 Hati Inayosafiri Bila Mwandishi Wake

Taarifa ya askari ni utanzu wenye mazingira mahususi ya upokezi. Huanzia katika kitabu cha matukio kituoni au gerezani, huingia katika jalada la upelelezi, hufika kwa mwendesha mashtaka, na huweza kuishia mbele ya hakimu au jaji. Katika safari hiyo yote wasomaji wake hawakuwapo kwenye tukio. Mwandishi naye huenda amehamishiwa mkoa mwingine, au amekwisha kusahau. Kilichobaki ni sentensi.

Mazingira ya kisheria yameongeza uzito wa sentensi hizo. Kwa miongo mingi mahakama za mwanzo nchini Tanzania ziliendesha shughuli zake kwa Kiswahili, huku kumbukumbu za mahakama za juu zikiandikwa kwa Kiingereza. Maelezo ya Kiswahili yalipofika huko yalisomwa na watu waliokuwa wakifikiri kwa istilahi za lugha nyingine. Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021 iliifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, ingawa iliacha nafasi ya kutumia Kiingereza katika mazingira fulani. Mabadiliko hayo yamejadiliwa zaidi kwa upande wa istilahi na tafsiri ya sheria. Upande wa hati za msingi, zile zinazoandikwa usiku katika kaunta ya kituo, haujavuta macho ya wanaisimu kwa kiwango hicho hicho.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai (Sura ya 20), iliyotungwa mwaka 1985, haikuliacha suala hili kwa hiari ya mwandishi. Pale mtu anayehojiwa anapokiri kosa, sheria inamtaka askari aandike, kadiri inavyowezekana, maswali yaliyoulizwa na majibu yaliyotolewa, aeleze kama onyo lilitolewa, na ataje saa mahojiano yalipoanza, yalipokatizwa na yalipokwisha. Masharti hayo, yakitazamwa kwa jicho la isimu, ni madai kuhusu sauti, zamu ya kusema na wakati. Kwa maneno mengine, sheria inadai kile ambacho mtindo uliozoeleka wa taarifa huelekea kukifuta.

3.0 Sarufi Inayoficha

3.1 Kutendwa, kutendeka na kutendana

Tuhuma ya kwanza dhidi ya lugha ya taarifa huelekezwa kwa kauli ya kutendwa. Tuhuma hiyo ni ya kweli kwa sehemu tu. Mifano ifuatayo inahusu upekuzi gerezani:

(1) a. Mfungwa alivunjika mkono wakati wa upekuzi.
b. Mfungwa alivunjwa mkono wakati wa upekuzi.
c. Askari wawili walimvunja mfungwa mkono wakati wa upekuzi.

Sentensi (1b) haimtaji mtendaji, lakini imemwachia nafasi. Msomaji anaweza kuuliza “na nani?”, na swali lake ni sahihi kisarufi. Sentensi (1a) imeifunga nafasi hiyo. Kauli ya kutendeka inaleta tukio lisilo na mtendaji, na swali “alivunjika na nani?” halikubaliki kwa mzungumzaji wa kawaida. Hivyo, kwa Kiswahili, adui wa uwajibikaji si kauli ya kutendwa hasa. Tofauti kati ya -ik- na -w- ni mofimu moja, na mofimu hiyo huamua kama kutakuwa na uchunguzi au hakutakuwa nao. Askari anayeambiwa tu aepuke kauli ya kutendwa anaweza kukimbilia kutendeka akidhani ametii.

Kauli ya kutendana ina hatari yake. Ikiandikwa kwamba mahabusu watatu walipigana katika selo, kila mmoja wao amekuwa mpigaji na mpigwaji kwa wakati mmoja. Iwapo wawili walimshambulia mmoja, kiambishi -an- kimegawa hatia sawasawa na kumgeuza aliyeumizwa kuwa mshiriki. Baadaye, anapodai matibabu au anapolalamika kwa mkuu wa gereza, anakutana na hati inayosema kuwa naye alipigana. Hakuna neno la uongo lililoandikwa kwa makusudi. Mnyambuliko umetosha.

3.2 Viambishi vya nafsi

Kiswahili hakitofautishi jinsia katika nafsi ya tatu, na huruhusu kiima na yambwa kuwakilishwa na viambishi peke yake. Uwezo huo wa kubana maneno ni fahari ya lugha katika usimulizi, lakini ni mtego katika taarifa:

(2) Alimkuta amelala akamwamsha akakataa kutoka akampiga akakimbia.

Vitenzi vyote viko katika kauli ya kutenda. Sentensi ni fupi, na matukio yamefuata mpangilio wa wakati. Kwa vigezo vya miongozo ya kawaida inastahili alama nzuri. Hata hivyo, aliyekataa kutoka ni yule aliyeamshwa, na kuanzia hapo msomaji hana njia ya kujua kama mpigaji ni mwamshaji au mwamshwaji. Wala hajui kama aliyekimbia ni mpigaji au mpigwaji. Sentensi moja inabeba maana nne, na katika mbili kati ya hizo mshtakiwa ni mtu tofauti na yule wa mbili nyingine.

Katika masimulizi ya mdomo utata huu hauonekani. Msimulizi hunyoosha kidole, hubadili sauti, hutumia yule na huyu, na msikilizaji akipotea huuliza. Askari anayeandika huku anasikiliza amekwisha kuelewa, na uelewa wake ndio unaomzuia kuona kwamba karatasi haikuelewa. Dawa ni kurudia jina kila mara kiima kinapobadilika, hata kama mtindo wa kifasihi ungeona kurudia huko kunachosha. Dawa hiyo ina sharti: kurudia mtuhumiwa na mlalamikaji si sawa na kurudia majina. Istilahi hizo ni za hatua ya baadaye ya shauri, na zikitumika kusimulia dakika ya tukio zinampa mmoja hatia na mwingine dhuluma kabla ya kitendo chenyewe kutajwa.

3.3 Kiambishi -ka- na tatizo la saa

Kiambishi -ka- huunganisha matukio yanayofuatana bila kueleza umbali kati yake. Katika “tukamkamata, tukampeleka kituoni, akahojiwa, akakiri”, pengo kati ya kitenzi kimoja na kingine linaweza kuwa dakika kumi au siku mbili. Katika hadithi jambo hilo halina madhara. Katika taarifa lina madhara, kwa sababu Sura ya 20 imeweka muda wa msingi wa saa nne wa kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, pamoja na utaratibu wa kuuongeza. Mfululizo wa -ka- unaweza kuuvuka mpaka huo wa kisheria bila msomaji kuhisi chochote.

Pale saa inapotajwa, tatizo jingine huzuka. Kiswahili huhesabu saa kuanzia mapambazuko na machweo, ilhali saa ya mezani na baadhi ya fomu hufuata mfumo wa saa 24. Saa 8:00 ikiandikwa peke yake inaweza kusomwa kuwa alasiri, yaani 14:00, au usiku wa manane, yaani 02:00, au asubuhi ya saa mbili ikiwa mwandishi amefuata uso wa saa. Tarehe nayo huteleza: usiku wa kuamkia tarehe 5 huanza tarehe 4, na tukio la saa 5:00 usiku na lile la saa 7:00 usiku, japo yametengwa na saa mbili tu, yana tarehe mbili katika kalenda ya mahakama. Mshtakiwa anayedai kuwa alikuwa mahali pengine anaweza kuokolewa au kuangamizwa na kosa hili. Hakuna mwongozo uliotafsiriwa kutoka Kiingereza utakaolitaja, kwa sababu Kiingereza hakina tatizo hilo.

3.4 Misemo ganda na chanzo cha ujuzi

Kila taaluma ina misemo iliyoganda, na misemo hiyo huokoa muda. Katika taarifa za polisi, baadhi yake huokoa pia jambo jingine: wajibu wa kueleza mwandishi alijuaje. “Ilibainika kuwa” haina mbainishaji. “Alipohojiwa alikiri” haina swali wala maneno ya kukiri. “Alijeruhiwa kwa kitu chenye ncha kali” huonekana kama jambo lililoonwa, kumbe ni hitimisho. Askari aliona jeraha, hakuona kitu. Maelezo ya jeraha ni kazi ya tabibu anayejaza fomu ya PF3, na taarifa ya askari inapotangulia na hitimisho hilo, hati mbili zilizopaswa kuthibitishana zinakuwa mwangwi wa sauti moja.

Msemo unaofundisha zaidi ni “aliuawa na wananchi wenye hasira kali”. Kwa mtazamo wa sarufi, mtendaji ametajwa: yupo baada ya na, mahali pake panapostahili. Lakini kirai hicho hakimtaji mtu. Kinataja umati, kisha kinaupa umati huo hisia inayoeleza na karibu kusamehe tendo lake. Neno kali linafanya kazi ya utetezi. Mfano huu unathibitisha kwamba kujaza nafasi ya mtendaji hakutoshi. Nafasi inaweza kujazwa na kivuli. Taarifa inayosema kwamba watu wanaokadiriwa kufikia ishirini walimpiga marehemu kwa mawe na fimbo, kwamba mashahidi wawili waliotajwa majina waliwatambua watatu, na kwamba wengine hawajatambuliwa, inaacha kazi mezani kwa mpelelezi. Msemo ganda huifunga kazi hiyo.

4.0 Maneno Yangu kwa Mkono Wako

Maelezo ya onyo huandikwa kwa nafsi ya kwanza. Mimi wa maandishi ni mshukiwa. Mkono ni wa askari. Athari za tofauti hiyo zilichunguzwa mapema nchini Uingereza, na uchunguzi huo ni sehemu ya chimbuko la isimu-jinai, yaani tawi la isimu linaloitazama lugha kama ushahidi. Mwaka 1968 Jan Svartvik alichapisha uchambuzi wa maelezo ya Timothy Evans, aliyenyongwa mwaka 1950 na kupewa msamaha mwaka 1966, miaka mingi baada ya kufa. Svartvik alionesha kwamba sehemu za maelezo zilizomtia hatiani zilitofautiana kisarufi na sehemu nyingine zilizodaiwa kuwa za msemaji yule yule.

Malcolm Coulthard aliendeleza njia hiyo katika maelezo ya Derek Bentley, kijana wa miaka 19 aliyenyongwa Januari 1953. Polisi walidai kuwa Bentley alisimulia mwenyewe bila kuulizwa maswali. Coulthard alibaini mambo mawili yanayohusu mjadala huu. Kwanza, neno la Kiingereza lenye maana ya “kisha” lilijitokeza mara nyingi kuliko ilivyo kwa mashahidi wa kawaida, na lilikaa baada ya kiima kwa namna ya maandishi ya polisi. Pili, maelezo yalikuwa na kauli za ukanushi zisizo na sababu ya kuwapo isipokuwa kama kulikuwa na swali lililozitangulia. Hukumu ya Bentley ilibatilishwa mwaka 1998, ingawa msingi mkuu wa uamuzi huo ulikuwa jinsi jaji alivyoliongoza baraza la wazee wa mahakama.

Funzo la kwanza haliwezi kuhamishiwa Kiswahili moja kwa moja. Wingi wa -ka- si alama ya mkono wa askari, kwa kuwa kila msimulizi wa Kiswahili huutumia. Pengine alama itafutwe katika “ndipo”, “mnamo”, “majira ya saa” na “eneo la tukio” zinapowekwa kinywani mwa mtu asiyezitumia katika usemi wake wa kila siku. Dai la namna hiyo linahitaji korpasi ya masimulizi ya mdomo na ya maandishi ili lisimame. Funzo la pili, kinyume chake, linahamishika bila marekebisho. Mtu anayesimulia safari yake ya sokoni hasemi ghafla “sikuwa na kisu” isipokuwa kama ameulizwa. Ukanushi ni alama ya swali lililofutwa. Askari anayelifuta swali ili maelezo yatiririke anadhani anaboresha insha. Anachofanya ni kubadili mazungumzo ya watu wawili kuwa ungamo la mmoja.

Hapa ndipo maadili na mtindo vinapokutana. Mtiririko ni sifa njema katika insha ya shule, na askari wengi walijifunza kuandika kwa kuandika insha. Sifa hiyo inapohamishiwa kwenye maelezo ya onyo huwa kasoro, kwa sababu mikwaruzo ya mahojiano, yaani kusita, kurudia, kuulizwa tena, ndiyo inayoiwezesha mahakama kupima kama mtu alisema kwa hiari.

5.0 Kuelekea Mafunzo ya Sarufi ya Ushahidi

Kutokana na uchambuzi huu, mafunzo katika vyuo vya polisi na vya magereza yanaweza kujengwa juu ya maswali manne yanayoulizwa kwa kila kitenzi: nani alitenda? nani alitendewa? lini, kwa saa ipi? mwandishi alijuaje? Maswali haya hayahitaji istilahi ngumu. Yanahitaji mazoezi. Mkufunzi anaweza kumpa mwanafunzi sentensi kama (2) na kumtaka awasimamishe wenzake wawili waigize walichosoma. Waigizaji wakishindwa kukubaliana, darasa limejifunza. Anaweza pia kurekodi masimulizi ya mdomo, kumtaka askari ayaandike, kisha kulinganisha matini hizo mbili ili kuona ni maneno ya nani yaliyobaki.

Pingamizi tatu zinatarajiwa. Ya kwanza ni kwamba mtendaji huwa hajulikani. Jibu ni kwamba kutojua nako ni taarifa, na kunaandikika: “aliyevunja mlango hajafahamika” ni sentensi ya kweli kuliko “mlango ulivunjika”. Ya pili ni ulinzi wa msiri. Hapa jina linaweza kuhifadhiwa bila kuifuta nafasi yake. Kuandika kwamba mtoa taarifa ambaye jina lake limehifadhiwa alisema aliona gari likiingia kunamlinda mtu na pia kunahifadhi chanzo cha ujuzi, jambo ambalo “taarifa zilipatikana” haliwezi. Ya tatu ni mzigo wa kazi. Askari wa zamu ya usiku huandika kwa mkono huku watu wakimsubiri kaunta, na si haki kumdai nathari ndefu. Lakini kutaja jina badala ya kiambishi huongeza neno moja, na kuandika “saa 2:00 usiku (20:00)” huongeza tarakimu nne.

Pingamizi la nne ni zito zaidi: sarufi haimzuii mwongo. Askari aliyedhamiria kuficha kipigo anaweza kujifunza kuandika vizuri na akaficha vizuri zaidi. Ni kweli kwamba hakuna mtaala wa lugha unaoweza kuchukua nafasi ya usimamizi, daktari huru na mahakama makini. Hata hivyo, ipo tofauti kati ya uongo wenye mtendaji na ukungu usio naye. Anayeandika kwamba mfungwa aliteleza bafuni mbele ya askari wawili aliowataja ametoa dai linaloweza kuhojiwa: askari hao wataitwa, bafu litatazamwa. Anayeandika kwamba mfungwa alikutwa amefariki hajatoa dai ambalo mtu anaweza kulishika.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba ubora wa taarifa za polisi na magereza kwa Kiswahili haupimwi kwa usafi wa tahajia wala kwa ufupi peke yake. Kauli ya kutendeka humwondoa mtendaji, kutendana huwagawia watu hatia, viambishi vya nafsi huwachanganya, -ka- humeza saa, na misemo ganda huficha chanzo cha ujuzi. Yote hayo hutokea ndani ya Kiswahili sanifu. Ndiyo maana kazi hii ni ya wanaisimu wa Kiswahili kabla ya kuwa ya wafasiri wa miongozo ya kigeni. Mashahidi, askari na wafungwa wote hawana usemi tena mara taarifa inapofungwa jaladani. Mahakama itawasikia kupitia vitenzi vilivyochaguliwa usiku ule kaunta, na mtu aliyevunjwa mkono atabaki amevunjika tu iwapo aliyeshika kalamu hakufundishwa tofauti.